Supu Baridi na Siri ya Mafuta

Jioni moja ya Jumamosi nilikuwa nimeketi sebuleni mwangu hapa Umoja, nikisahihisha insha za wanafunzi, mlango ulipobishwa. Aliyeingia alikuwa kijana niliyemfundisha Kiswahili miaka kadhaa iliyopita, na ambaye siku hizi ni mpishi katika hoteli moja ya mjini. Alikuwa amebeba mfuko wa matunda, kama ilivyo ada ya mtu mwenye adabu anapomzuru mwalimu wake. Akamwamkia mke wangu, akanywa chai, akauliza hali za watoto mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu," akaniambia, "nakuomba uisome hii, halafu uniambie kama nitakuwa nimekosea."

Karatasi ile ilikuwa na maelezo ya upishi kutoka ng'ambo. Ilieleza jinsi ya kuandaa supu ya mboga inayonywewa baridi: nyanya, tango, pilipili hoho, kitunguu saumu, siki, chumvi na mafuta ya zeituni. Hadi hapo hapakuwa na neno. Ila mstari wa mwisho ulisema kwamba mafuta yenyewe yawe yametiwa bangi kabla ya kunyunyizwa juu ya bakuli.

Kijana akanieleza kuwa alikuwa ameombwa na jamaa mmoja mwenye uwezo aiandae supu hiyo kwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, juu ya paa la jengo moja huku Innercore. Wageni wangekuwa thelathini hivi, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Ujira ulikuwa mnono, tena nusu yake ungelipwa kabla ya kazi. Sharti lilikuwa moja tu: wageni wasiambiwe kilichomo. Wangeambiwe baadaye, watakapokuwa wameanza kucheka ovyo, na hapo ndipo ungekuwa utamu wa mchezo.

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia anipe siku mbili. Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka, maana kila nilipotaka kufungua kinywa niliona sura ya mwanafunzi mwingine, ambaye nitamtaja baadaye.

Kwanza niliazimia kuijua supu yenyewe, bila mafuta yale. Siku ya pili yake, baada ya ibada, nilishuka soko la Mutindwa nikanunua nyanya mbivu, matango mawili, hoho moja na vitunguu saumu. Mama anayeniuzia nyanya aliponiona na tango akaniuliza kama nyumbani kuna harusi, kwa kuwa alidhani natafuta kachumbari ya watu wengi. Hakukosea sana. Supu ile hutengenezwa kwa kumenya nyanya na matango, kuyaondoa mbegu, kuyasaga pamoja na hoho, saumu na kipande cha mkate mkavu uliorowekwa majini, kisha kutia siki na chumvi na kuyaacha katika jokofu saa mbili au tatu. Mafuta hutiwa mwisho. Hakuna jiko linalowashwa. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akakiweka chini polepole, akasema: "Baba watoto, hii si supu. Hii ni kachumbari iliyotafunwa na mtu mwingine."

Sisi watu wa mtaa huu tunaijua supu kwa joto lake. Supu kwetu ni mifupa iliyochemka tangu alfajiri, ikanywewa kwa kikombe karibu na kituo cha matatu huku jasho likimtoka mnywaji. Lakini haifai kudharau chakula cha wenyewe. Supu hii baridi ni ya wakulima wa Andalusia, kusini mwa Uhispania, ambako huitwa gazpacho, na jua la huko wakati wa kiangazi halimruhusu mtu kunywa kitu cha moto adhuhuri. Hapo kale ilikuwa mkate, saumu, mafuta, siki na maji tu. Nyanya ziliingia baadaye, kwa sababu asili yake ni bara la Amerika na hazikujulikana Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo hata nyanya ya Mutindwa ni mgeni aliyezoeleka. Nyumba za kwanza za Umoja nazo zilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Marekani, nyumba za chini zenye nyua, kabla ya maghorofa kuzimeza. Sina ugomvi na kitu kwa sababu tu kimetoka mbali.

Ugomvi wangu uko katika mafuta.

Mwanafunzi yeyote wa kemia anajua kuwa mafuta na maji ni mahasimu. Anachopaswa kujua zaidi ni kwamba kiini cha bangi kinachomlevya mtu, ambacho wataalamu hukiita tetrahidrokanabinoli, ni mfuasi wa mafuta. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni walikitenga na kukitambulisha mwaka 1964 huko Israeli. Kiini hicho hakikubali kuyeyuka katika maji bali huyeyuka vyema katika mafuta. Ndiyo maana wanaotia bangi katika vyakula hawaichemshi kama majani ya chai wakaridhika. Huitafutia siagi, maziwa yenye mafuta, au mafuta yenyewe.

Sasa litazame bakuli la supu baridi. Supu ni maji ya nyanya na tango. Mafuta yanaelea juu, yakijikusanya katika visiwa vidogo vya rangi ya dhahabu. Hata ukikoroga kwa bidii, ukiliacha bakuli kwa muda yatajitenga tena. Mgeni wa kwanza kuchota kwa upawa huenda akapata matone kumi, wa tano akapata mawili, wa mwisho asipate kitu. Hakuna jicho linaloweza kupambanua, na viungo kama saumu na siki vinaficha ladha. Mpishi mwenyewe, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kujua amempimia nani kiasi gani. Na kwa kuwa bangi inayouzwa kwa kificho haijapimwa nguvu na mtu yeyote, hajui hata alichoanza nacho.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni katika lugha yetu. Tafuta neno "majuni" katika kamusi, mathalani ile ya Johnson iliyotoka mwaka 1939. Utakuta ni tamutamu iliyochanganywa na vitu vya kulevya kama bangi au afyuni. Neno limetoka Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kilichokandwa. Watu wa pwani walikuwa na jina la kitu hicho kabla reli haijafika Nairobi kuwa mji. Neno "bangi" lenyewe limevuka bahari kutoka Bara Hindi, ambako hadi leo majani yake husagwa yakachanganywa na maziwa na viungo, yakanywewa wakati wa sherehe ya Holi. Lakini anayekunywa kinywaji kile anajua anakinywa. Kina jina lake na siku yake. Na majuni yaliitwa majuni, hayakuitwa kaimati.

Tofauti ya kuvuta na kula ndiyo ambayo walimu wengi hatuijui, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kutoijua kumenigharimu. Anayevuta bangi huhisi athari yake baada ya dakika chache, kwa kuwa moshi huingia mapafuni na kutoka hapo damuni. Aliyekula huweza kukaa nusu saa, saa moja, hata saa mbili, asione kitu. Chakula kipitie tumbo, kisha utumbo, kisha ini. Na ini halikipitishi kiini kile kama kilivyokuja. Hukigeuza kikawa kitu kingine chenye uwezo mkubwa wa kuingia ubongoni. Hivyo basi athari ya kula huchelewa, huwa nzito, na hudumu saa nyingi, wakati mwingine hadi saa kumi na mbili. Mtego uko katika kule kuchelewa. Mtu hula kipande, akangoja, akaona si kitu, akala kingine. Vyote viwili humfikia pamoja.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya upili ya Eastlands ambayo sitaitaja. Ijumaa moja, mvulana wa kidato cha tatu, mtulivu, mwandishi mzuri wa insha, alianza kutetemeka wakati wa masomo ya jioni. Moyo ulimwenda mbio. Alishika meza akisema kwamba anakufa na kwamba kuta zinamsogelea. Alitapika. Tukamnusa mikono, tukamnusa kinywa, tukaukagua mfuko wake. Hatukuona msokoto wala harufu ya moshi. Alipotulia kidogo akasema kuwa alikuwa amenunua keki mbili kutoka kwa kijana mmoja nje ya lango. Moja aliila wakati wa mapumziko. Hakuona ajabu yoyote, akaila ya pili wakati wa chakula cha mchana.

Hakuna aliyemwamini. Sisi wazee tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba bangi ni moshi, na asiyenuka moshi basi ni mvutaji mjanja aliyejua kuosha kinywa. Keki ingemlevyaje mtu saa kadhaa baada ya kuliwa? Mama yake, muuza mboga, aliitwa. Alisimama mbele ya kamati ya nidhamu akiwa bado amefunga leso yake ya kazi, akasema neno moja tu: "Mwanangu hajavuta." Tukamtazama kwa huruma, kama tunavyowatazama wazazi wote wanaodanganywa na watoto wao. Barua ya kumsimamisha masomo niliiandika mimi, kwa kuwa Kiswahili changu kilisifiwa. Niliandika kwamba alipatikana na hatia ya kuvuta bangi. Mvulana hakurudi. Mama alimhamishia mashambani, na sijui alifanyaje mtihani wake.

Nilikuja kuyafahamu haya ya ini na mafuta baadaye sana, tena kwa bahati, nilipokuwa nikisoma habari za jimbo la Colorado huko Marekani. Wapiga kura wa jimbo hilo walihalalisha bangi mwaka 2012, na maduka yakafunguliwa Januari 1, 2014. Mwezi Machi mwaka uo huo, kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, alikwenda Denver pamoja na wenzake. Walinunua biskuti ya bangi dukani, kwa njia ya kawaida, yenye maandishi ya kiasi. Biskuti moja ilikuwa na miligramu 65 za kile kiini, ilhali mgao wa mtu mmoja ulihesabiwa kuwa miligramu 10. Muuzaji alimwonya asile yote. Alikula kipande kimoja kama alivyoagizwa. Baada ya nusu saa au saa moja hakuona kitu, akamaliza iliyobaki. Katika saa mbili zilizofuata alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwakasirikia wenziwe. Muda mfupi baada ya hapo alikufa kwa kuanguka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Kituo cha serikali ya Marekani kinachoshughulika na magonjwa kilichapisha taarifa ya kisa hiki mwaka 2015, na jimbo likaweka kanuni kwamba vyakula vya aina hiyo vigawanywe waziwazi kwa vipande vya miligramu 10.

Nilipomaliza kusoma nilikumbuka keki mbili za mvulana wangu. Mapumziko, kisha chakula cha mchana, kisha jioni. Saa zililingana kabisa.

Labda msomaji atasema: kijana wa Colorado alijua anachokula, alionywa, alisoma maandishi, na bado yakamkuta. Naam. Hao wageni thelathini wa Innercore wangekuwa na nini? Wasingekuwa na maandishi wala onyo. Wasingejua kwamba wanapaswa kungoja, wala kwamba hawafai kuongeza bakuli la pili kwa sababu ya kiu. Atakayeshikwa na hofu saa tano za usiku hatakuwa na neno la kumwambia daktari, kwa kuwa hajui alichokula. Atakayeondoka mapema ataendesha gari au pikipiki kupitia Outer Ring huku athari ikiwa ndiyo kwanza inapanda. Na paa, msomaji, ni paa. Mengi ya majengo yetu yana ukuta wa kiunoni tu huko juu.

Yako mambo ya sheria pia, na nitayapitia kwa haraka. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyotungwa mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2022, haikutaja kuvuta peke yake; inaharimisha pia kunusa na kutumia kwa njia nyingine yoyote. Aidha, ulanguzi katika sheria hiyo si kuuza tu. Kutoa bure, kugawa, kuhifadhi, hata kumlisha mtu, vyote vimo. Mpishi anayeshika upawa hana pa kujificha kwa kusema kwamba hakupokea pesa za bangi bali za supu.

Najua mjadala mkubwa unaendelea, na mwalimu asiyeufahamu atachekwa na wanafunzi wake. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwezi Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia bangi faraghani mwake. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura kuiondoa bangi katika lile fungu la dawa za hatari mno la mkataba wa mwaka 1961, ingawa iliendelea kudhibitiwa. Hapa kwetu, George Wajackoyah aliwania urais mwaka 2022 akiahidi kuihalalisha, akapata kura zisizofikia asilimia moja lakini masikio mengi. Mwaka uo huo uchunguzi wa NACADA ulikadiria kwamba mtu 1 kati ya kila Wakenya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia bangi. Hayo na yajadiliwe. Mimi mwenyewe siko tayari kuihalalisha, lakini sitamwita mwendawazimu anayetaka hivyo.

Ila tazama msingi wa hoja zao wote, kuanzia majaji wa Afrika Kusini hadi vijana wanaobishana katika matatu za Umoja: mtu mzima, aliyechagua mwenyewe. Supu ya siri inaung'oa msingi huo. Mwenye kutetea uhuru hawezi kuitetea, kwa kuwa mlaji hakuchagua. Mwenye kutetea marufuku hawezi pia. Tangu jadi mtu anayekutilia kitu chakulani bila wewe kujua ana jina lake, na si jina la mwenyeji. Mgeni anapopokea bakuli kwa mikono miwili anakukabidhi mwili wake. Sijui kama kuna amana kubwa kuliko hiyo.

Kwa walimu wenzangu nina shauri, na si la kupendeza. Tumezoea kuwatisha wanafunzi. Tunawaambia kwamba mtu akivuta bangi mara moja huwa kichaa, nao wanamjua jirani anayevuta na ambaye si kichaa, basi wanalitupa lile neno pamoja na mengine yote tuliyosema. Kisha inapokuja keki au biskuti, ambayo kweli inahitaji onyo, hawatusikilizi. Ingekuwa heri mwalimu wa kemia, akifika kwenye somo la myeyuko, achukue dakika kumi aseme kwa nini kiini cha bangi huandamana na mafuta. Wa biolojia, akifika kwenye ini, aseme ini hufanya nini. Wa sayansi kimu aseme kwa nini chakula kisichojulikana mpishi wake hakiliwi kwa ushujaa. Watoto wetu wana misamiati mingi ya jambo hili, shada na ngwai na mengine yanayozaliwa kila muhula, lakini hawana habari.

Na akitokea mwanafunzi aliyekula kitu cha namna hiyo, asiachwe peke yake, asifungiwe ofisini, asiulizwe maswali ya polisi. Apelekwe hospitalini, na daktari aambiwe ukweli: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Mambo ya nidhamu yanaweza kungoja Jumatatu.

Kijana wangu alirudi siku ya tatu kama tulivyoagana. Nilimsimulia kisa cha mvulana wa 2019, na nadhani hicho ndicho kilichomgusa kuliko sheria. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hukuwahi kutuambia haya darasani." Nikamwambia kwamba sikuyajua. Akaniuliza kama ninayasema sasa. Nikamjibu kuwa naanza.

Alimpigia simu mwenye sherehe mbele yangu. Alimwambia kwa heshima kwamba supu ataipika, lakini mafuta yatakuwa ya zeituni matupu. Vinginevyo amtafute mtu mwingine, naye atawaonya wageni anaowafahamu. Majibu sikuyasikia, lakini niliyaona usoni mwake. Kazi ile aliikosa, pamoja na nusu ya malipo aliyokuwa amekwisha kuipangia kodi ya nyumba. Wiki iliyofuata nilisikia kwamba sherehe ilifanyika bila supu yoyote, watu wakala nyama ya kuchoma.

Mimi nami nimeiandikia shule ile ya zamani, nikiomba neno "kuvuta" liondolewe katika faili ya yule mvulana, na barua yangu ya kukiri kosa iwekwe mahali pake. Huu ni mwezi wa pili. Bado sijajibiwa.